Mtaa Ulioshiba Kwenye Karatasi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya duka la Fundi Cherehani, na mgeni akikaa upande wa kushoto bila kuambiwa, kuna msumari unaomsalimia. Hapo ndipo mtaa unapoongozwa, maana viongozi waliochaguliwa wana shughuli zao. Kila asubuhi Bi Kahawa anatua birika lake konani, anapanga vikombe vidogo kwenye ndoo ya maji, na kikombe cha kwanza hakijapoa Waziri ameshafika. Huyu hajawahi kuwa waziri wa chochote. Alikuwa tarishi wizarani miaka ishirini, akibeba bahasha za wakubwa, na anaamini baadhi ya yaliyokuwa ndani yalimwingia kupitia viganja. Anayemfuata ni Daktari, ambaye wagonjwa wake ni panya, na mpaka leo hajarudi hata mmoja kulalamika kuhusu dawa. Fundi mwenyewe hakai benchini. Anashona mlangoni, mashine imeelekea barabarani, ili mguu uwe kazini na sikio liwe kwenye mazungumzo. Wanaume hawa watatu wana desturi yao: ikifika adhuhuri kila mmoja anaingia kwake mara moja, anarudi na njiti mdomoni, anachokoa meno. Hakuna anayemwuliza mwenzake kimenasa nini.

Asubuhi hiyo Waziri alichelewa, na alipofika hakusalimu. Alikaa, akavua kofia, akaiweka gotini.

— Tumekatwa, alisema.

— Umeme? aliuliza Daktari.

— Jiko. Karatasi imebandikwa mlangoni pa ofisi ya mtaa. Mitaa mitatu imepata, wetu haumo.

Mguu wa Fundi ulisimama juu ya kanyagio.

— Umesoma vizuri?

— Fundi, mimi nimesoma karatasi za serikali kabla hujajua kutunga uzi. Imeandikwa hivi: mtaa umeondolewa kwa sababu wakazi wake wana chakula cha kutosha.

Bi Kahawa alikuwa anamimina. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika, kahawa ikamwagikia sinia.

Jiko lenyewe halikuwa sufuria na kuni tu. Watoto wa shule ya mtaa wangekula mchana, mboga zingenunuliwa kwa wanaolima nyuma ya nyumba zao, na watu wanane wangeajiriwa kupika, kuosha na kubeba. Jina la kwanza kati ya hao wanane lilikuwa la binti yake Fundi. Alisomea upishi mwaka mzima, akapata cheti, na cheti chenyewe kimetundikwa juu ya mashine ya baba yake kwa sababu hakijapata ukuta mwingine wa kwenda. Kila siku anawasha pasi ya baba, anakunja nguo za wateja, anamlisha mwanawe kilichopo, na haulizi. Huko kutouliza ndiko kunakomwumiza Fundi kuliko maswali.

— Haiwezekani, alisema Fundi. Wakili alituahidi.

Wakili wanayemtaja hana kesi mahakamani. Ni msichana wa miaka ishirini na nne, mwenye mkoba wa kitambaa na viatu vilivyolika upande mmoja wa kisigino. Amemaliza chuo, akaacha kutafuta kiti cha ofisini, akaamua kugonga milango ya wakubwa na kuwaambia nani hana chakula na nani hana kazi, na kwamba mara nyingi huyo ni mtu yule yule mmoja. Benchi lilimpa jina siku ya kwanza: Wakili wa Matumbo. Alicheka, akalikubali. Kwa sababu hiyo wanampenda, ingawa Waziri hawezi kulisema hilo hadharani.

— Hakuahidi, alisema Waziri. Alisema atatupigania. Kupigania na kupata ni bahasha mbili tofauti. Lakini mimi najua kilichotokea. Ni ramani.

— Ramani imefanyaje?

— Imeshikwa juu chini. Nimeyaona haya wizarani. Mtu anaishika ramani huku anakunywa chai, chini inakuwa juu, na mambo yamekwisha. Jiko letu lipo, Fundi. Limepelekwa kule kwenye nyumba za mageti. Sasa hivi wanalizunguka wanashangaa, hawajui waliweke wapi.

Daktari alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mgonjwa akijitibu mwenyewe.

— Si ramani. Ni panya.

— Tuanze na panya, alisema Bi Kahawa. Mapema hivi.

— Nisikilizeni. Mwezi uliopita alikuja bwana mmoja na kalamu, akaniuliza nauza pakiti ngapi za dawa kwa wiki. Mimi nikatia chumvi. Biashara ni kujisifu, siwezi kusema nauza tano. Nikamwambia mia. Akaandika. Sasa yeye akifika ofisini atafikiri nini? Panya hafuati nyumba yenye njaa. Pakiti mia, panya mia. Panya mia, makombo ya kuwashibisha panya mia. Mtaa unatupa chakula mpaka wanyama wananenepa.

— Kwa hiyo umetukosesha jiko wewe.

— Sijasema mimi. Nimesema panya.

Waziri hakupenda kushindwa na panya. Aliivaa kofia yake tena, na akivaa kofia watu wote mtaani wanajua kwamba ukweli sasa unapumzishwa.

— Mnaikumbuka ile ndege ndogo?

— Ipi?

— Iliyopita chini, wiki ya mvua. Mimi nilikuwa nimelala hapa hapa, saa nane mchana, shati wazi, miguu juu ya ukuta. Ikapita mara moja, ikageuka, ikapita tena. Kwa nini irudi? Ilikuwa inapiga picha. Sasa mkubwa anakaa na picha yake mezani, anaona mwanamume amejitandaza saa nane mchana, mdomo wazi. Ataandika nini? Ataandika huyu ameshiba mpaka amelewa.

— Ulikuwa umezimia, alisema Bi Kahawa.

— Nilikuwa nimepumzika.

— Nilikumwagia maji usoni, mzee.

— Kupumzika kuna viwango, alijibu Waziri.

Daktari naye akaja na mashine inayonusa. Imewekwa juu ya mnara wa simu, alisema, inavuta hewa na kuhesabu moshi wa jikoni. Na wiki ile ile ya hesabu jirani alichoma godoro lake la zamani kwa siku mbili kwa sababu ya kunguni. Mashine haina akili ya kutenganisha godoro na nyama ya kuchoma. Fundi alijaribu kucheka pamoja nao, lakini macho yake yalirudi kwenye cheti cha binti yake.

— Ndege ya nini, mashine ya nini, alisema Bi Kahawa huku akisuuza kikombe. Mtu akipita hapa saa saba anaona vinywa vitatu vinachokolewa. Mimi ningekuwa ofisini ningewakata bila kusafiri.

Waziri alijishughulisha na kifungo cha shati.

Fundi alirudi kwenye suruali aliyokuwa akiipunguza kiuno. Hiyo ndiyo kazi yake kubwa mwaka huu. Nguo mpya hazishonwi, ila kila wiki zinaletwa suruali mbili tatu, na mwenye nayo anasema maneno yale yale: kitambaa kimelegea, Fundi, naona ni sabuni za siku hizi. Fundi anachukua futi yake, anapima, anasema ndiyo, sabuni za siku hizi. Suruali za Waziri amezipunguza mara tatu. Angeweza kuutaja mtaa mzima nyumba kwa nyumba, nani amepungua inchi ngapi tangu lini, na asingehitaji fomu. Lakini kipimo cha mteja hakitoki dukani. Baba yake aliyemfundisha kazi alimkanya hilo kabla hajamfundisha kushika mkasi, na Fundi hajawahi kulivunja katazo hilo.

— Siku ile ya fomu, alisema bila kuinua macho, tulimjibu nini?

— Tulimjibu kistaarabu, alisema Waziri.

Fundi aliikumbuka siku ile, na alitamani asingeikumbuka. Wakili alikuja jua likiwa kali, ameshatembelea nyumba tatu za chini, na alitaka kwenda kwa kila mmoja wao, mlango kwa mlango. Waziri akamwambia mwanangu, utachoka bure, wenye nyumba wote tuko hapa, tuulize hapa hapa. Akakaa. Akauliza wanakula mara ngapi kwa siku nyumbani. Daktari alikuwa wa kwanza, akasema tatu. Waziri akasema tatu, na matunda. Ilipofika zamu ya Bi Kahawa, akasema na yeye tatu, asionekane wa chini. Fundi alikuwa amefungua mdomo kusema moja, siku nyingine mbili. Neno lilikuwa tayari kwenye ulimi. Kisha Waziri akamtazama, akampigia kope, akasema huyu naye fundi mzima, atakula mara ngapi. Fundi akasema tatu. Ilimchukua muda mfupi kuliko kukata uzi.

Alikuwa bado anaitafuna kumbukumbu hiyo alipouona mkoba wa kitambaa ukipinda kona.

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, alisema Waziri, akasimama kumpisha, jambo asilolifanya kwa mtu yeyote. Usikae upande huo, kuna msumari. Pole kwa safari. Tumeona karatasi. Tumeshachunguza, na tuna majibu matatu tunayoweza kukupa uyapeleke. La kwanza ni ndege.

— Baba, samahani, alisema Wakili. Sina muda mwingi. Ofisi inafungwa saa sita.

Alitoa fomu nne mkobani, akazipanga gotini. Fundi aliutambua mwandiko wake, mdogo na wima.

— Kosa la kwanza ni langu, alisema. Nilifundishwa mtu aulizwe nyumbani kwake, mlango umefungwa. Siku ile nilikuwa nimechoka, mkaniambia nikae, nikakaa. Nyumba nilizokwenda mwenyewe zimenieleza zilivyo. Nyumba nne za benchi hili zimesema zinakula mara tatu kwa siku. Zimeuinua wastani wa mtaa wote.

— Kwa hiyo haikuwa ndege, alisema Daktari taratibu.

— Ndege gani?

— Endelea tu, mwanangu.

— Leo ni siku ya marekebisho. Ni leo peke yake. Mwenye nyumba anaweza kubadilisha jibu lake, lakini aseme mwenyewe, kwa mdomo wake, na aeleze sababu ya kubadilisha. Siwezi kuwaandikia. Nikipata tatu kati ya hizi nne, mtaa unarudi kwenye orodha na jiko linakuja. Nisipopata, basi. Tunaweza kwenda nyumbani kwa mmoja mmoja, kama mnaona ni vyema.

Hakuna aliyenyanyuka. Kwenda nyumbani kungekuwa ni kujibu tayari, na kila mmoja alilijua hilo. Wakili akafungua kalamu.

— Basi nauliza hapa hapa. Jana, nyumbani kwenu, mlikula mara ngapi?

Birika lilikuwa linatokota kwa sauti ndogo. Waziri alitazama barabara kama anayemngojea mtu. Daktari alihesabu pakiti zake, akazihesabu tena. Watu hawa walikuwa na jibu la ramani na jibu la panya, na hapa kila mmoja alikuwa kama mtoto aliyeitwa ubaoni.

Fundi aliona aibu, aibu ya kweli. Alifikiri angeweza kumwita Wakili pembeni na kumnong'oneza yote: huyu inchi nne, huyu inchi tatu, hesabu mwenyewe. Mtaa ungeokoka, na yeye angebaki na njiti yake. Lakini viuno vya watu havikuwa vyake kuvitoa. Alichokuwa nacho cha kutoa kilikuwa cha nyumba yake tu, na juu ya kichwa chake kilikuwapo kile cheti, na nyuma ya pazia alisikia pasi imesimama. Binti yake alikuwa anasikiliza.

— Mara moja, alisema Fundi.

Waziri aligeuka ghafla.

— Jioni, alisema Fundi. Maharage. Mke wangu, binti yangu na mjukuu. Mimi sikula.

— Hukula kabisa, baba?

— Niliwaambia nimekula kijiweni. Mke wangu anajua kijiweni hakuna chakula. Alinyamaza, akamwongezea mjukuu kijiko kimoja.

Wakili hakuinua uso, na Fundi alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

— Na sababu ya kubadilisha jibu?

— Andika niliona haya.

— Niandike hivyo hivyo?

— Hivyo hivyo. Na uandike bado naona.

Nyuma ya pazia pasi ilianza kutembea tena. Bi Kahawa aliweka kikombe chini, akajifuta mikono kwenye kanga.

— Mimi usinizungushe, mwanangu. Nipo peke yangu nyumbani. Asubuhi kahawa, mchana kahawa, jioni uji. Kama kahawa ni mlo basi mimi ni mnene. Andika moja.

— Na sababu, mama?

— Ukiuza kinachoingia mdomoni mwa watu, hutaki wajue mdomo wako mwenyewe mkavu. Wataanza kupima kikombe kwa macho, waone nimewapunja.

— Sijawahi kukupima, alisema Daktari.

— Ungeanza.

Zikawa mbili. Wakili alimgeukia Daktari, na Daktari alikuwa ameinama mpaka kidevu kinagusa pakiti zake. Aliposema, alisema kwa sauti ya mtu anayekiri wizi.

— Mimi kweli nilikula mara tatu.

— Daktari, alisema Bi Kahawa, tumeshavuka hapo.

— Kweli kabisa. Mke wangu anapika hospitali, jikoni kwa wagonjwa. Kinachobaki anapewa. Sijawahi kulala njaa tangu alipopata ile kazi. Siwezi kudanganya kwenye fomu.

— Na njiti? aliuliza Fundi.

— Nyama inaninasa, Fundi. Nina pengo hapa nyuma.

Waliangaliana. Fundi hakujua kama ni hasira au kicheko kilichokuwa kinamjia.

— Miaka yote hii hukutuambia?

— Niliwaambia kila siku. Nilikuwa nakuja hapa nawaambia nimetoka kula, na nyinyi mnaniambia mmetoka kula. Niliamini. Ningejua ningekuja na bakuli.

Kisha akasema tena, polepole, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwao:

— Kuna siku tulimwaga.

Hakuna aliyemlaumu. Wakili aliiweka fomu yake kando bila kuandika kitu. Ilibaki moja, na wote walijua ni ya nani. Saa ya ukutani dukani ilikuwa inakaribia tano na nusu, na ofisi ya mtaa si karibu kwa mtu mwenye viatu vile.

Waziri alikuwa amesimama bado, pale pale alipompisha. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa.

— Mwanangu, alisema, mimi nimekaa wizarani miaka ishirini.

— Najua, baba.

— Sijawahi kupeleka karatasi yenye kosa.

— Najua.

— Hiyo yangu uliandika na matunda?

— Niliandika kama ulivyosema.

Waziri alitikisa kichwa. Fundi aliona koo jinsi lilivyokonda ndani ya ukosi wa shati, na alitaka kumsaidia, akashindwa kujua kwa neno gani. Akaacha mashine, akaja kukaa benchini, upande wa msumari, ambako hakai mtu. Waziri naye akavua kofia, akakaa, katikati yake na Wakili.

— Kwetu tuko wawili, alisema Waziri. Mimi na mama watoto. Watoto wana kwao. Jana andika moja.

Kalamu iliandika.

— Juzi sijui utaandika nini. Juzi paache patupu.

Wakili aliinua uso kutoka kwenye fomu. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, akayapangusa kwa mgongo wa mkono, haraka, kisha akarudi kwenye fomu kwa sababu kazi ilikuwa bado.

— Na sababu ya kubadilisha jibu, baba?

Waziri alifikiri. Alimtazama Bi Kahawa, akamtazama Daktari, akamtazama Fundi aliyekaa ubavuni mwake.

— Andika siku ile palikuwa na watu.

— Hata leo wapo, baba.

— Wapo, alisema Waziri. Lakini leo wametangulia wao.